Mdogo wangu, usigawe vitabu vya mapishi kwa sababu ya supu moja

Mdogo wangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara mbili nikacheka peke yangu, eti umepika tom yum, ile supu ya Thailand, kutoka kwenye kitabu, umefuata kila kitu, imetoka kama maji ya kuoshea vyombo na sasa vitabu vyote unavigawa. Subiri kwanza bwana.

Kitabu hakijakudanganya ila hakijui jikoni kwako kuna nini. Angalia vipimo tu. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, cha Marekani kama 15, kikombe cha Marekani kama 240 na cha Japani 200, sasa wewe unachukua kikombe chochote cha chai kabatini halafu unashangaa! Mimi nilinunua mzani, nikawa nachagua vitabu vinavyotaja gramu, ndo keki zangu zikaacha kuzama katikati. Ila kwenye vitunguu nakuunga mkono, vitabu vinaandika dakika 10 viwe vya kahawia na vitamu, uongo mtupu, kwa moto mdogo ni dakika 40 hata zaidi.

Ila shida kubwa naona ni hii, hiyo supu hujawahi kuionja, kwa hiyo hata ungepatia ungejuaje? Yalinikuta mimi. Niliipika karibu mwaka mzima kabla sijafika Thailand na nilikuwa natafuna mchaichai na majani ya mndimu kama mbuzi, nyuzi zinakwama kwenye meno, nasema moyoni hawa watu wana meno ya chuma. Siku nimekaa mezani kule naona wenzangu wanavisukuma pembeni ya bakuli, pamoja na vile vipande vinavyofanana na tangawizi, kumbe ni vya harufu tu havitafunwi! Kitabu changu hakikusema, labda mwandishi aliona kila mtu anajua. Halafu ilikuwa kali na chachu kuliko nilivyowahi kuthubutu, na ndimu wanakamulia mwishoni moto ukishazimwa, mimi nilikuwa naichemsha weee mpaka harufu yote inaishia darini.

Najua nauli haipo. Basi tafuta mtu aliyekulia na chakula hicho, omba ukae jikoni kwake siku moja, usimsumbue na vipimo, angalia mikono yake na onja kila hatua. Ukirudi kwenye kitabu utakisoma tofauti kabisa, utaona hadi pale mwandishi alipoandika "kidogo" alimaanisha nini.

Na giligilani kama inakunukia sabuni usijilaumu, kuna watu wamezaliwa hivyo, ni jeni za kunusa, iache tu.

Jumapili nakuja na ndimu, wewe toa sufuria. Na kile kitabu ulichoazima kwangu mwaka juzi nakitaka, hata kama kurasa za keki zimegandana kwa unga.