Kuimba silabi si kusoma

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wanaofundisha watoto wao kusoma nyumbani. Wengi huanza kwa kubandika chati ya silabi ukutani, na baada ya muda mtoto anaitiririsha yote, ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu. Mzazi anafurahi. Sasa funika silabi nyingine zote, umwachie "bo" peke yake. Wengi utawasikia wakinong'ona ba, be, bi, hadi wafike. Huyo bado hajasoma. Amekariri wimbo, na anachofanya ni kuhesabu nafasi.

Ondoa chati, tengeneza kadi. Kata karatasi ngumu, kila kadi silabi moja kwa herufi ndogo, kisha zichanganye kama karata kila mnapokaa. Anza na irabu 5, halafu m, s, l na n, kwa sababu sauti hizo zinavutika: mtoto anavuta mmmm, anaingia aaaa, na "ma" inajiunga yenyewe mdomoni. B, k na t hukatika papo hapo, kwa hiyo zingoje. Tena mfundishe sauti, si jina la herufi. Aliyezoeshwa kusema "em" atahangaika kuipata "ma". Konsonanti hizo 4 zinatoa silabi 20, na tayari anaweza kusoma "mama analima" au "sisi sote" ukimwongezea t. Kumpima, mwandikie neno la uongo kama "lunemi". Akilisoma, ujue anasoma herufi, si kumbukumbu.

B na d msizifundishe wiki moja. Umbo ni lilelile limegeuzwa, na akizipokea pamoja atazichanganya kwa muda mrefu. Iwekeni b mpaka izoeleke kabisa ndipo d iingie.

Panapowashinda wengi ni kwenye m inayosimama bila irabu. Mtoto aliyezoea kwamba kila silabi inaishia na irabu ataisoma "mti" kama "muti", au atairuka m abaki na "ti". Tumieni makofi: m-ti, mawili, m-to-to, matatu, n-chi, mawili. Kisha mwonyeshe "mbuzi", ambako m imeungana na b: mbu-zi, makofi mawili, si matatu. Makofi hayohayo yanaokoa "taa" na "kaa", ambazo wengi huzisoma kama silabi moja. Ch, sh, th, dh, gh na ny, kila jozi iandikwe kwa rangi moja kwenye kadi yake, la sivyo utasikia "s-hamba". Ng' nayo ipewe kadi yake, mbali na ng ya "ngoma", na kile kialama cha juu kikolezwe wino.

Maneno ya Kiswahili ni marefu, na hilo nalo lina namna yake. Kwa "hatutawasahau", lifunike kwa kipande cha karatasi, ulifungue silabi moja moja kutoka kushoto: ha, tu, ta, wa, sa, ha, u. Akifika mwisho ameshasahau mwanzo, ni kawaida; arudie neno zima kwa mkupuo, na ukurasa huohuo ausome tena kesho. Wazazi huuona urudiaji huu kama kupoteza muda, kumbe ndiko wepesi unakotoka.

Picha ya kitabu ifunikwe mpaka sentensi isomwe. Akiona picha ya paka atasema "paka" hata kama pameandikwa "nyau". Akikosea, usimtajie neno upesi; gusa silabi aliyoikosea, nyamaza kidogo, umpe nafasi ya kujisahihisha.

Dakika 10 hadi 15 kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi. Zimalizeni kwa imla ya maneno matatu, maana mkono unaoandika "sima" hausahau m iko wapi.

Ikiwa mtoto anasogeza kitabu karibu mno na uso, anaruka mistari, au hatofautishi s na sh anaposikia, apimwe macho na masikio kwanza kabla hajaitwa mvivu.

Mwalimu wa madarasa ya awali