Kabla ya kuongeza maboya, kagueni minyororo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme neno kuhusu bandari ndogo za visiwani, zile zenye gati moja, diko la wavuvi na kipande cha maji matulivu ambamo boti za wageni huja kulala. Msimu wa wageni ukikaribia, wasimamizi huulizana waongeze maboya mangapi. Sisi tunaoyatia na kuyakagua tungeanza na swali jingine: haya yaliyopo yameshikwa na nini huko chini? Boya lenyewe ni plastiki na rangi. Kinachozuia chombo kisiishie mwambani ni zege, mnyororo na pingu (kiungo cha chuma chenye pini kinachounganisha mnyororo), na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana ukiwa umesimama gatini.

Zege ndilo linalodanganya watu wengi. Utasikia "pale tumezamisha tani moja", kana kwamba tani ya nchi kavu ni tani pia baharini. Zege la kilo 1,000 likiwa ndani ya maji ya chumvi hubaki na uzito wa kilo 570 hivi, maana maji hulibeba sehemu. Chuma cha kilo 1,000 hubaki na kilo 870 hivi, na ndiyo sababu wapo wanaozamisha injini kuukuu za magari. Hatuwashauri: mafuta yaliyobaki ndani huvuja, na injini haina mahali pa kuaminika pa kufungia mnyororo. Halafu kuna sakafu ya bahari. Zege lililozama topeni hunaswa na tope, likashika zaidi ya uzito wake. Zege hilohilo likikaa juu ya mwamba huteleza. Penye mchanga mzito au udongo mgumu, nanga ya skrubu iliyozungushwa mpaka ikazama yote hushika vizuri kuliko zege kubwa, ila inahitaji mzamiaji anayejua kazi na mashine ya kuizungushia. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zamieni mchome chini kwa nondo ya mita mbili, muone kama kuna mchanga, tope au ngozi nyembamba ya mchanga juu ya jiwe. Hilo la tatu ndilo linaloponza.

Ikumbukwe pia kwamba nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Upepo wa kilomita 60 kwa saa husukuma chombo mara nne ya ule wa kilomita 30. Boya "lililojaribiwa" siku ya upepo wa wastani halijajaribiwa.

Sasa mnyororo. Kipimo tunachokitumia ni hiki: mnyororo mzito wa chini uwe mara moja na nusu ya kina cha maji yakiwa yamejaa siku ya bamvua (siku za maji makubwa), mwembamba wa juu uwe sawa na kina hicho, na kamba ya kufungia iwe mara mbili na nusu ya urefu kutoka majini hadi omo (sehemu ya mbele) ya chombo. Mahali penye mita 8 maji yakijaa, hiyo ni mita 12 za mnyororo mzito na 8 za mwembamba, na kwa omo iliyo juu kwa mita 1.2, kamba ya mita 3. Kati ya mnyororo mzito na mwembamba hukaa kiungo cha kuzunguka, la sivyo chombo kikigeuka na maji kila siku kitausokota mnyororo mpaka ufupike.

Mnyororo hauliwi sawa kote. Sehemu iliyofukiwa chini na ile iliyo karibu na boya hudumu. Inayokwisha ni ile inayoinuliwa na kubwagwa kila wimbi linapopita, mahali mnyororo unapoiacha sakafu. Mchanga huingia kati ya pete na kufanya kazi ya tupa. Mkaguzi anayevuta boya juu, akatazama mita mbili za kwanza na kuridhika, hajakagua kitu. Mzamiaji afike pale, akwangue kutu na chaza, apime kwa kalipa unene wa pete zinapogusana, si katikati ya pete. Pete ya milimita 16 ikisagika hadi 12 inaonekana bado nene, lakini chuma kilichobaki ni asilimia 56 tu. Hapo tunabadilisha. Mnyororo mzito ukaguliwe mara moja kwa mwaka; wa juu na kamba, mara mbili.

Pingu nazo huua maboya mengi. Pini yake hujifungua yenyewe kwa kutikisika, kwa hiyo lazima ifungwe kwa waya. Wengi hutumia vifungo vya plastiki kwa sababu ni haraka. Vilivyo karibu na uso wa maji jua huvikausha vikakatika, na vya chini husagwa na mchanga. Tumieni waya uliopakwa zinki kwenye pingu iliyopakwa zinki, duru tatu au nne, ncha ikunjwe ndani isimkate mzamiaji. Msichanganye pingu ya chuma kisichoshika kutu na mnyororo wa zinki: ndani ya maji ya chumvi metali hizo mbili huwa kama betri, na zinki ndiyo inayoliwa, kisha mnyororo.

Kamba ya nailoni ni nzuri kwa sababu hunyumbuka, na tatizo lake ni hilohilo. Inaponyumbuka na kurudi juu ya ukingo wa omo usiku kucha hupata joto kwa ndani. Ukiivalisha bomba la plastiki lililobana, maji hayaifikii kuipoza, na unaweza kuikuta imeyeyuka katikati huku nje ikionekana nzima. Turubai nene au ngozi ni bora. Kila boya liwe na kamba mbili, ya pili ndefu kidogo, ili ibebe mzigo pale tu ya kwanza inapokatika.

Baada ya hapo ndipo tuhesabu maboya mangapi yanaenea. Boti ya mita 12 kwenye boya la mfano wetu, maji yakiwa yamepwa hadi mita 4 na upepo mkali, hufagia duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 35. Hufagia mbali zaidi maji yakipwa, si yakijaa. Wanaopima wakati wa maji kujaa hushangaa usiku boti zinapogongana. Tena vyombo havigeuki pamoja. Chenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu hufuata mkondo wa maji, ilhali katamarani (boti zenye viwiliwili viwili) na boti za injini hufuata upepo. Upepo na mkondo vikipingana, majirani wawili huelekeana. Basi kati ya boya na boya hapo ziwe zisizopungua mita 70, au mkubali kupanga vya aina moja pamoja. Anayetia nanga yake katikati ya maboya anahitaji kamba mara tano ya kina cha maji yaliyojaa pamoja na kimo cha omo, na duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 58, na nanga yake huenda ikanasa mnyororo wa mtu. Katika eneo la maboya kutia nanga kukatazwe kabisa, bila ya "usiku mmoja tu".

Mgeni anapoita redioni, chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura. Mhamisheni mara moja kwenye chaneli ya kazi. Waulizeni urefu, upana, uzito kwa tani, chombo kinazama mita ngapi, watu wangapi, usiku mingapi. Wengi huuliza urefu peke yake, nao ndio unaosema machache kuliko yote: katamarani ya mita 12 hushika upepo kuliko boti ya kawaida ya urefu huo. Maji yakipwa siku ya bamvua yatabaki mita ngapi chini ya mkuku wake? Hilo lijibiwe kabla hajaonyeshwa boya. Anayetoka nchi nyingine akiwa bado amepandisha bendera ya manjano hajamalizana na afya, uhamiaji na forodha. Kama bandari yenu si ya kuingilia nchini, aelekezwe kwenye bandari iliyo hivyo kabla ya kushuka pwani.

Makosa ya wageni ni yaleyale. Hufunga kwenye kamba nyembamba ya kuokotea badala ya ile nene iliyo chini yake. Au hupitisha kamba yao moja kwenye pete ya boya na kuirudisha chomboni kama kitanzi, ikawa inaenda na kurudi kama msumeno. Wafunge kamba mbili mbalimbali, kila moja na upande wake wa omo. Au huja na upepo mgongoni. Waambieni watazame vyombo vilivyokwisha kufungwa vimeelekea wapi, nao waje kwa mwelekeo huo, polepole, kamba ya boya isiingie kwenye pangaboi. Kufunga boti mbili kwenye boya moja kuruhusiwe tu kama uzito wao kwa pamoja haupiti kiwango cha boya, kwa upepo mdogo, madafrao (mito ya kuzuia kugongana) yakiwa kati, na kila moja iwe tayari kuondoka peke yake.

Wavuvi wasisukumwe nje. Maji ya kina kifupi karibu na diko ni yao, kwa kuwa vyombo vyao vidogo huingia na kutoka na maji. Wageni wakae kwenye kina. Njia ya kuingilia ibaki wazi mchana na usiku, maana mgonjwa wa kupelekwa ng'ambo hangoji. Gatini, boti za mpira za wageni zifungwe kwa kamba ndefu, wanaofuata wapate pa kupenya.

Haya yote yanahitaji daftari moja. Kila boya liwe na namba, mahali lilipo kwa GPS, kina, aina na uzito wa kilicho chini, unene wa mnyororo siku ulipotiwa na siku ulipopimwa mwisho, na jina la mzamiaji aliyepima. Juu ya boya iandikwe namba na tani zinazoruhusiwa, kwa herufi zinazosomeka kutoka mita 10. Ada ya kulala ilipie minyororo kwanza. Bango la karibu wageni linaweza kungoja. Na sisi tungependelea maboya sita yenye daftari kuliko ishirini ya kubahatisha, hata kama ishirini yanapendeza kwenye picha.

Likibainika boya bovu, kuandika "usitumie" hakutoshi. Mgeni anaweza kufika saa tano za usiku, tochi mkononi, akiwa amechoka, na ataokota kamba yoyote atakayoikuta inaelea. Siku hiyohiyo kateni kamba za kufungia, muondoe boya, na mnyororo muulaze chini ukiwa na alama ya GPS daftarini, ili mzamiaji aukute pale atakapoleta mpya.

Ni sisi,
Watunza maboya na wazamiaji