Faini ya tochi: tuombe picha kwanza, kisha tuamue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo ambalo kila mwenye gari katika jiji hili la Dar es Salaam amelisikia likijadiliwa vijiweni, kwenye foleni na hata maofisini. Dereva aliyepigwa tochi, yaani kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, na kuandikiwa faini ya shilingi 30,000 kwa kuzidisha mwendo alipe yaishe, au akatae na kusubiri kupelekwa mahakamani? Wapo wanaoshauri kulipa, kwa sababu kubishana na trafiki ni kupoteza siku. Wapo wanaoshauri kugoma, kwa sababu askari alijificha. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaliruka swali la msingi, nalo ni kwamba ushahidi uliopo unaonyesha nini.

Nianze na wanaogoma, kwa kuwa hoja yao ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kikomo hicho kinamhusu dereva awe anatazamwa au hatazamwi. Askari awe amesimama peupe pale Kimara au amejibanza chini ya mwarobaini kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, gari lililokuwa kwenye 68 lilikuwa kwenye 68. Ni kweli kwamba askari anayeonekana huwafanya madereva wengi wapunguze mwendo kabla ya kosa, ilhali aliyejificha humwandikia mmoja baada ya kosa, na mimi mwenyewe ningependa kumwona wa kwanza zaidi ya wa pili. Hata hivyo, hilo ni lalamiko la kuwapelekea wakubwa wa Kikosi cha Usalama Barabarani, si utetezi wa kumpelekea hakimu. Hoja ya kwamba wenzako walikuwa wakikimbia kukushinda haifai hata kuandikiwa aya. Wala kikomo chenyewe si cha kubeza: gari lenye mwendo wa 70 hugonga kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya lile la 50, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na mtoto wa shule anayevuka Barabara ya Mandela hana kinga nyingine zaidi ya breki zetu.

Wanaosema lipa yaishe wana hesabu nzuri ya fedha, lakini wanasahau kwamba ile karatasi ya faini ni tuhuma tu, na kulipa ni kukiri. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Tatizo ni kwamba mwenye kirikuu anayeishi kwa kubeba mizigo ya sokoni atapoteza zaidi ya shilingi 30,000 akishinda kutwa mahakamani, hivyo atakiri hata kosa asiloliamini, na tochi iliyompima haitaulizwa swali lolote na mtu yeyote.

Maswali ya kuuliza yapo, na mengi yanaweza kuulizwa palepale barabarani. Tochi nyingi za siku hizi hupiga picha inayoonyesha gari, mwendo wake, tarehe na saa, na mara nyingi aliyepiga huituma kwa simu kwa mwenzake anayesimamisha magari mbele. Dereva ana haki ya kusema kwa upole, "Afande, naomba niione picha," na akiiona aitazame kwa makini badala ya kuanza kujitetea. Namba ya gari inasomeka? Kama kuna magari mawili katika picha, alama ya shabaha iko juu ya lipi? Jambo hili lina uzito, kwa sababu mawimbi ya tochi hutanuka kadiri yanavyokwenda mbali, hasa kwa tochi za rada, na kwa umbali mkubwa yanaweza kupokea mwendo wa lori lililokuwa ubavuni mwako. Tena, mahali gari lilipopimwa palikuwa ndani ya kibao cha 50, au tayari ulikuwa umekipita kibao kinachokifuta? Barabara zetu zimepanuliwa sana miaka hii, na si kila kibao kilichoondolewa wakati wa ujenzi kimerudi mahali pake. Dereva mwenye shaka na arudi akipige picha, au apige picha ya mahali kilipopaswa kuwa.

Zipo pia hoja za kitaalamu ambazo ningewashauri wenzangu waziache nyumbani. "Alinipiga kwa pembeni" ni mojawapo, maana tochi inayolenga gari kwa pembeni husoma mwendo mdogo kuliko ule halisi, kwa hiyo kosa hilo linakusaidia wewe. Nyingine ni "dashibodi yangu ilisoma 50." Dashibodi kwa kawaida husoma zaidi kidogo kuliko mwendo halisi, isipokuwa ulibadilisha tairi ukaweka kubwa zaidi: tairi iliyozidi kwa asilimia 5 ya kipenyo huongeza mwendo halisi kwa kiasi hichohicho bila mshale kusogea, na hapo mwenye kosa ni fundi wako au wewe mwenyewe.

Kwa hiyo picha ikiwa safi, lipa ndani ya siku 7 kabla deni halijaanza kuongezeka. Ikiwa na walakini wa kweli, usikiri. Sema utajibu mahakamani, ambako ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha, huku ukijua kwamba ukishindwa hakimu halazimiki kuishia kwenye shilingi 30,000.

Ushauri huu, hata hivyo, haumsaidii mtu ambaye hakusimamishwa. Wapo wamiliki waliowakabidhi madereva magari yao, na wapo walionunua gari mkononi mwa mtu, ambao wanagundua wanadaiwa siku wanapoingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Wanaona kiasi, aina ya kosa na namba ya malipo. Bila picha, mmiliki hawezi kumuuliza dereva wake, wala mnunuzi hawezi kumrudia aliyemuuzia, na uamuzi wa kulipa au kupinga unakuwa kama kupiga kura gizani.

Naomba basi wahusika waambatishe picha ya tochi kwenye kila deni la kuzidisha mwendo, pamoja na tarehe ambayo tochi hiyo ilihakikiwa mara ya mwisho. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya bucha na pampu za mafuta, na sioni kwa nini mwananchi asijue tochi iliyompima ilikaguliwa lini. Na siku 7 za kulipa zihesabiwe tangu mmiliki alipopata ujumbe wa simu wenye picha hiyo, si tangu askari alipobonyeza kitufe.

Wako,
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam