Rangi inayoua vijidudu inahitaji mwanga wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie rangi zinazotangazwa kwamba, zikishapakwa ukutani au kwenye kitasa cha mlango, huua vijidudu kwa nguvu ya mwanga. Hivi karibuni nilimsindikiza shangazi yangu katika kituo kimoja cha afya hapa Moshi, nikakuta bango linalozisifu kuta za namna hiyo, na chini yake beseni la kunawia ambalo koki yake haikutoa hata tone.

Sisemi kwamba rangi hizo ni ulaghai. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha kwamba titani dioksaidi, ambayo ndiyo poda nyeupe iliyomo katika rangi nyingi za nyumba, ikimulikwa ndani ya maji huweza kuyatenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni, na mwaka 1985 watafiti wengine wa Japani wakaonyesha kwamba huua vijidudu. Mwanga huamsha elektroni zake, nazo zikikutana na unyevu na oksijeni ya hewani huzalisha kemikali kali zinazochana utando wa kijidudu, ilhali poda yenyewe haipungui.

Shida iko kwenye mwanga wenyewe. Titani dioksaidi ya kawaida huamshwa na miale ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, ambayo haizidi sana asilimia 5 ya nishati ya jua linalotufikia (na mawingu ya Juni hapa mlimani tunayajua). Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya miale hiyo, na taa za LED za ukumbini hazitoi karibu chochote. Zipo aina zilizoboreshwa ili zitumie mwanga wa kawaida wa ndani, lakini nazo huhitaji muda, wakati kitasa hushikwa na mtu mwingine kila baada ya dakika chache. Tena uso ukishika vumbi na mafuta ya mikono, mwanga haupenyi, kwa hiyo kupangusa kuko palepale.

Basi mwenye zahanati, kabla hajalipa, amwulize muuzaji bidhaa ilipimwa chini ya mwanga gani. Kipimo cha ISO (shirika la kimataifa la viwango) namba 27447 hutumia urujuanimno, na kile cha ISO 17094 hutumia mwanga wa ndani. Cheti cha kwanza pekee hakimfai mgonjwa aliyelazwa katika wodi inayowashwa taa mchana kutwa. Na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, aanze na ile koki.

Msomaji wako,
Fundi maabara mstaafu,
Moshi