Risala ya Kikundi cha Vijana Mafundi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wetu, wazee, wazazi na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Barabara yetu tunaijua, na bado umefika.

Mgeni rasmi, kijiji chetu ni kidogo, na kila anayekuja kututembelea huelezwa shida mbili: nyumba na ajira. Sisi vijana tunaona ni shida moja. Mwalimu anayepangiwa shule yetu ana kazi lakini hapati hata chumba cha kupanga, mwisho anaomba uhamisho. Kijana wetu amepewa kiwanja na baba yake, ila hana kipato cha kununua mfuko wa saruji, naye anakwenda mjini kujenga nyumba za wengine.

Nyumba zetu nyingi ni za udongo zisizo na msingi. Unyevu unapanda kutoka chini, lipu inabanduka, kisha mvua ya upepo inamalizia ukuta. Matofali ya kuchoma ni imara, lakini tanuri linakula miti, na miti imebaki michache.

Kwa hiyo tumechagua matofali ya kufungamana, yaani yanayoshikana moja na jingine yanapopangwa. Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono isiyotumia umeme. Hayachomwi. Yanafunikwa na kumwagiliwa maji siku 7 kwa uchache, na yakifika siku 28 yamekomaa vizuri. Hapo ndipo ilipo ajira yetu: yupo wa kuchekecha udongo, wa kushindilia, wa kumwagilia, fundi wa kupandisha ukuta, na seremala wa milango. Fedha ya nyumba inazunguka humuhumu kijijini.

Mgeni rasmi, Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja haki ya kazi katika kifungu cha 23 na makazi katika kifungu cha 25. Sisi tunaomba pa kuanzia: mashine mbili za kufyatulia, na mafunzo yenye cheti kinachotambulika, ili majengo ya umma yanapojengwa hapa tuitwe kama mafundi, tusiishie kubeba zege. Tunaomba pia viwanja vipimwe. Mjane asiye na karatasi ya kiwanja chake anaogopa kujenga nyumba ya kudumu, na hofu yake ina sababu.

Eneo la kufyatulia wazee wameshatupatia, karibu na kisima. Tunaomba ukalione kabla hujaondoka.

Naomba kuwasilisha.