Filamu ya mzee na mashine ya nyasi

Ndugu Mhariri,

Juzi kijana wangu alituwekea filamu ya David Lynch ya mwaka 1999, The Straight Story. Nilidhani nitasinzia. Ni kisa cha kweli: mwaka 1994 Alvin Straight, mzee wa miaka 73, macho mabovu, leseni hana, alisikia kaka yake kapata kiharusi. Walikuwa wamenuniana miaka mingi. Akapanda mashine ya kukatia nyasi, akatoka Iowa hadi Wisconsin, zaidi ya kilomita 380.

Hakuna ngumi wala bunduki. Wakikutana hawasemi mengi, wanakaa tu barazani.

Nikawaza vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo. Huku Uchagani mmea wa sale hupandwa mpakani, na ni jani hilohilo hupelekwa kuombea msamaha. Mimi na mdogo wangu tumegombea mpaka tangu tumzike baba. Kwake ni dakika kumi kwa miguu (mashine ya nyasi ya nini?).

Wenye mabasi ya Dar–Moshi–Arusha, tupumzisheni kidogo na filamu za kupigana. Wekeni hii, hasa Desemba, watu wanaporudi vihambani.

Msomaji wako,
Kibosho, Moshi