Mama, Nenda Konde Ukamrejeshe Wifi

Philadelphia, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Mie mzima alhamdulillahi, baridi nimeshaizoea. Zuleikha akusomee barua hii yote, asiruke mstari, na Kaka Hamad awepo akisomewa.

Pesa alizoomba kaka nimezituma juzi kwenye simu ya Zuleikha, dola 300. Ni za boti na za kukaa Dar. Si za mganga. Nasema mapema tusije tukagombana.

Lakini kilichoninyima usingizi si pesa. Nasikia wifi Mwanaisha karudishwa kwao Konde, eti maradhi ya mwanawe Sami, saratani ya damu, yamerudi kwa sababu alikuwa akimpa vidonge ovyo ovyo. Nani kasema, Mama? Shangazi? Nilipokuja Ramadhani nililala chumba kimoja na Sami. Umeme ulikatika, wifi akawasha tochi ya simu, akampa kidonge chake, kisha akatoa daftari la skuli lililokunjika pembe akatia kistari cha wino wa buluu. Nililifungua, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kila usiku una kistari chake. Hata usiku wa maziko ya baba kistari kipo, kimekwenda upande, mkono ulikuwa ukimtetemeka. Huyu ndiye mnayemwita mzembe?

Sikatai, mtoto akikosa vidonge saratani ya damu hurudi kwa wepesi zaidi. Lakini humrudia pia mtoto asiyekosa hata kimoja, na hili ndilo ninaloamka nalo na kulala nalo, basi nisikilizeni.

Kile kidonge, merkaptopurini, kikishaingia ndani ya seli hugeuka sumu ya kuiua. Mwaka 2013 watafiti walieleza kuwa kwa baadhi ya watoto waliorudiwa na maradhi, seli za saratani zimebadilika kwenye jeni moja, NT5C2. Jeni hiyo ikibadilika, protini inayotokana nayo hufanya kazi kupita kiasi: huivunja ile sumu kabla haijadhuru, na seli ikaitoa nje. Mtoto kameza, kwa saa yake, mbele ya mama yake, na dawa haikufanya kitu. Hiyo ni njia moja tu, ziko nyingine. Wanapopima uboho kwa vipimo vikali, madaktari hutafuta seli 1 mbaya kati ya 10,000, maana hata zikibaki hizo chache zaweza kuanza upya. Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua karafuu ukumbini kwa Bibi, makonyo huku, karafuu huku, mpaka vidole vinanuka wiki nzima? Asubuhi Bibi bado anaokota makonyo juu ya jamvi. Na usiku kucha hatukulala.

Mwanao ndiye anayezipima hizo protini, Mama. Miezi minane picha za vipimo zilitoka chafu. Mwezi uliopita mistari ikatokea safi, myeusi, kila mmoja mahali pake, mwalimu wangu akaita maabara nzima ije itazame. Makala ikitoka, jina la marehemu baba litasomwa mpaka Japani. Na mji huu ninaokaa ndio uliipa jina kromosomu ya Philadelphia, uzi wa urithi ulioharibika ndani ya seli, uliogunduliwa hapa 1960 kwenye saratani ya damu ya aina nyingine.

Jana nilipita duka la maua nikaviona vile viua vyetu vya rangi ya waridi, vinavyoota penye kisima, vimepandwa kwenye vyungu vinauzwa. Nilisimama pale nje nikalia. Vinkristini, sindano aliyochomwa Sami, ilitokana na ua lile lile, asili yake Madagaska. Sisi tunalikanyaga tukienda kuteka maji.

Tiba mpya zipo. Mwaka 2012, hapa hapa, mtoto wa miaka 6, Emily Whitehead, aliyerudiwa na maradhi mara mbili, alitolewa seli zake za kinga zikabadilishwa ziitambue protini CD19 iliyo juu ya seli za saratani, akarudishiwa, na akapona. Iliporuhusiwa 2017, tiba hiyo ilitangazwa kwa dola 475,000. Moyo unaniuma nikiiandika bei hiyo. Na hata kwa tiba hiyo, kuna watoto ambao seli zao huivua CD19, maradhi yakarudi tena. Nao wana mama zao.

Sami bado ana dawa nyingine za kujaribiwa, msimzike mtoto yu hai. Ila daktari atauliza: homa ilianza lini, sindano ipi ilimtapisha, vidonge vilipunguzwa mwezi gani. Kaka hajui. Mimi sijui. Anayejua ni Mwanaisha, na daftari analo yeye.

Boti ni Jumatano. Nenda Konde wewe mwenyewe, usimtume mtu, umwombe radhi mbele ya mama yake. Ijumaa baada ya sala nitapiga simu Dar. Nataka wifi ndiye apokee.

Wasalaam,
Mwanao Salma